Miaka ya Hezekia Nyuma ya Kitanda

Fundi rangi alinipigia simu nikiwa na mikono ya povu. "Dada, chumba cha mzee nimeshasogeza kitanda," akasema. "Huku nyuma hakuna rangi hata tone, ukuta mkavu. Halafu kuna mistari mistari imechimbwa. Nipige plasta nifunike?"

Nikamwambia asiguse kitu, nakuja. Nikaacha vyombo kwenye karai, nikajitanda kanga, nikatoka. Kutoka kwangu Kongowe mpaka nyumbani kwetu, mtaa wa Picha ya Ndege, ni dakika chache kwa bodaboda, na dakika zote hizo moyo ulinidunda kama wa mtoto aliyevunja chungu cha watu. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili na mdomo ambao majirani wanaujua, lakini kusikia tu kwamba kitanda cha baba kimesogezwa, nilirudi kuwa na miaka tisa. Ile mistari niliichimba mimi, kwa msumari. Mpaka leo ukiniuliza ni lini niliogopa kuliko siku zote, nitakuambia ni ile miaka mitatu niliyokuwa nikiihesabu.

Wenzangu mliosoma shule ya Jumapili kwenye makanisa ya mabati mtanielewa. Sisi hatukuwa na vitabu vya picha. Tulikuwa na Mama Mwinjilisti, mke wa mwinjilisti wetu, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili, na chati yake. Aliichora mwenyewe nyuma ya kalenda kuukuu: wafalme wote wa Yuda na wa Israeli, kila mmoja na miaka aliyotawala. Waliompendeza Mungu aliwaandika kwa kijani, waliomchukiza kwa nyekundu. Ukiitazama kutoka mlangoni ilikuwa nyekundu tupu, na vijani vichache vya kutafuta kwa macho.

Tulifundishwa kwa kuitikia. Yeye anagonga jina kwa fimbo, sisi tunajibu. "Rehoboamu?" Mbaya. "Asa?" Mzuri. "Ahazi?" Mbaya, mbaya sana, na hapo wadogo walipenda kupiga miguu mpaka vumbi la sakafu linapanda puani. Mimi nilikuwa na kichwa cha kukariri. Nilijua nani alimzaa nani, nani alikalia kiti akiwa mtoto, nani alikufa kwa mshale na nani kwa ukoma. Mama Mwinjilisti alinipenda kwa hilo, na mimi nikajiona.

Lakini ile chati ilianza kunitisha kabla jambo lolote halijatokea nyumbani. Wale wafalme hawakuchagua chochote. Rangi zao zilikuwa zimeshapakwa. Mtu anazaliwa, ana namba mbele ya jina lake, namba inaisha, anazikwa na baba zake, anaingia mwingine. Kwa akili yangu ya utoto nilidhani ndivyo nyumba zote zinavyokwenda, kwamba mahali fulani ipo chati ya Picha ya Ndege, na jina la baba yangu limo, na mbele yake pana namba ambayo hakuna anayetuonyesha.

Baba alifanya kazi na wapima viwanja. Hakuwa mpimaji mwenye vyeti, alikuwa mfyeka njia na mpanda mawe ya mipaka. Wakati ule Picha ya Ndege ilikuwa vichaka na vibanda vya hapa na pale, viwanja ndiyo kwanza vinakatwa, na baba alikuwa akinionyesha jiwe lililochungulia kwenye majani na kuniambia, "Mama, hapo nimepanda mimi, hapang'oki." Aliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Mfukoni hakukosa kalamu nene ya nta, nyekundu, ya kuandikia namba kwenye mawe na vigingi. Mashati yake yote yalikuwa na doa jekundu kifuani, na mama yangu aliyafua huku akisonya.

Basi akaenda Kisarawe kupima mashamba, wiki mbili. Alirudi anachechemea, kisiki alichokikata mwenyewe kilikuwa kimemchoma pajani. Akasema si kitu, ataweka chumvi. Baada ya siku nne paja lilikuwa limevimba mpaka suruali haipandi, jipu limetunga, na homa ikampanda hata akawa anamwita marehemu baba yake kwa Kipare. Nesi wa jirani akawa anakuja kumchoma sindano asubuhi na jioni. Nilimsikia akimwambia mama jikoni, kwa sauti ya chini ile ambayo watoto ndiyo wanaisikia vizuri zaidi, kwamba kama uchafu umeshaingia kwenye damu, tumwombe Mungu tu.

Na Jumapili ya wiki hiyo hiyo, kwenye chati tulikuwa tumefika kwa Hezekia.

Hezekia alikuwa kijani. Akaugua jipu, nabii akaja akamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa kuwa hataishi. Mfalme akageukia ukutani, akaomba, akalia. Mungu akamhurumia, akamwongezea miaka kumi na mitano. Nabii akaagiza tini zipondwe ziwekwe kwenye jipu, na ili mfalme aamini, kivuli kilichokuwa kinashuka kwenye ngazi kikarudi nyuma. Niliuliza tini ni kitu gani. "Ni ndugu yake mkuyu," akasema Mama Mwinjilisti. "Ukiona kuyu, umeona tini maskini."

Nilirudi nyumbani na hayo kichwani. Mlango wa chumba cha baba ulikuwa wazi kidogo. Nilinusa dawa, jasho, na harufu ya usaha ambayo hata leo nikiisikia hospitalini naomba kukaa chini. Baba alikuwa amelala kwa ubavu wa kushoto, uso wake ukutani. Leo najua alilala hivyo kwa sababu paja la kulia ndilo lililokuwa bovu, angelalaje vingine? Siku ile sikujua hivyo. Nilichoona ni mfalme amegeukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sikuwahi kumwona baba analia, wala sikujua kwamba baba wanalia.

Jioni akaja Bi Tatu, jirani yetu, Mzaramo mwenye shamba la mihogo kwao Kisarawe. Alikuwa amebeba kikapu. "Nimemletea dawa ya kwetu," akamwambia mama. "Weye endelea na sindano zako, na hii tunaweka. Haigombani na sindano." Akatoa majani, halafu akatoa matunda madogo, ya mviringo, mekundu mekundu, akaanza kuyaponda kwenye kinu chetu. Nikamuuliza ni nini. "Makuyu, mwanangu. Yanavuta jipu." Nilikimbilia uani nikatapika.

Kilichonimaliza ni kivuli. Nyuma ya nyumba tulikuwa na ngazi tatu za saruji, na karibu nazo pipa la maji juu ya matofali. Kesho yake mchana nilipotumwa kwa nesi, kivuli cha pipa kilikuwa kimefika ngazi ya tatu. Nikakiangalia vizuri, kwa sababu nilikuwa nakiangalia kila saa. Niliporudi kilikuwa ngazi ya kwanza. Nilisimama na jua kichwani, nikahisi mkojo unanitoka. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba mama na Bi Tatu walilisogeza lile pipa chini ya mchirizi wa bati kwa sababu mawingu yalikuwa yanajikusanya. Mtoto hakuambiwa, mtoto hakuuliza.

Usiku wa siku hiyo jipu likapasuka. Homa ikashuka. Baada ya wiki baba akaomba ugali na dagaa, na mama akacheka huku analia, akaupika mgumu kama anavyoupenda.

Kila mtu akafurahi isipokuwa mimi. Jumapili ya shukrani mama alisimama mbele ya kanisa na sadaka ya mahindi, akasema Mungu amemwongezea mume wake miaka kama mfalme Hezekia. Wanawake wakapiga vigelegele. Wote walisikia "amemwongezea". Mimi peke yangu, katika benchi la watoto, nilisikia namba. Sasa nilikuwa nimeiona chati ya Picha ya Ndege. Baba yangu amebakiza kumi na tano.

Siku iliyofuata, baba akiwa uani anaota jua, niliingia chumbani kwake na msumari, nikatambaa chini ya kitanda mpaka ukutani, upande wa kichwani, nikachimba mistari kumi na mitano. Nilitaka mahali pa kuhesabia ambapo hakuna mtu angepaona. Nikaamua kwamba kila msimu wa embe ukianza nitakata mmoja, kwa sababu homa yake iliangukia embe za kwanza. Tangu hapo mimi na embe tukawa maadui. Wenzangu wanashangilia dodo sokoni, mimi nageuza uso. Ningekuwa na uwezo ningeipiga mawe miti yote isichanue.

Sikumwambia mtu. Niliona kwamba nikisema, itakuwa kweli zaidi. Badala yake nikawa mtoto wa ajabu. Nilimfuata baba mpaka chooni, nasimama nje. Akikohoa nadondosha kitu. Nilificha panga lake darini, akalitafuta siku mbili. Mama akasema, "Huyu mtoto ana nini? Amekuwa kama polisi." Baba akasema niachwe, nilipata mshtuko alipougua. Alikuwa amepatia nusu.

Nusu nyingine ilikuwa Manase. Katika ile chati hakukuwa na jina kubwa kuliko hilo. Mama Mwinjilisti alilikoleza mara mbili kwa nyekundu kwa sababu mfalme huyo alikuwa mbaya kuliko wote, na alitawala miaka mingi kuliko wote, akajaza Yerusalemu damu za watu wasio na kosa. Manase alikuwa mtoto wa Hezekia. Aliingia kwenye kiti baba yake alipokufa, akiwa na miaka kumi na miwili. Siku moja, nikiwa nimekaa darasani sisikilizi hesabu za mwalimu, nikafanya hesabu yangu. Kumi na tano toa kumi na mbili. Manase alizaliwa mwaka wa tatu wa ile miaka ya nyongeza. Ningekuwa mjinga wa kukariri nisingejua, na ningelala vizuri.

Nikajituliza kwamba sisi hatuna habari hiyo. Mama hakuwa amepata mtoto mwingine baada yangu. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na watu wa kanisani walikuwa wameacha hata kuuliza. Nilikata mstari wa kwanza, nikakata wa pili. Msimu wa tatu haujafika, mama akaanza kuchagua chakula na kusinzia mchana. Bi Tatu akamtazama mara moja tu mlangoni, akasema, "Haya, mwenzetu." Mama akafunika uso kwa kanga, anacheka. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye ngazi.

Mimba ikiwa kubwa tukaenda Kisarawe kwenye mashindano ya watoto wa makanisa. Mimi ndiye niliyepangwa kuwataja wafalme wa Yuda kwa mpangilio, na kila mtu alijua nitashinda. Kanisa lilijaa, baba amekaa benchi la pili na koti lake la harusi. Nilianza vizuri. Sauti yangu ilitoka nzuri, watoto wa Kisarawe wakanyamaza. Uzia, Yothamu, Ahazi, Hezekia. Halafu nikamwona baba, anatabasamu, midomo yake inanifuatisha. Nikafunga mdomo.

"Manase," Mama Mwinjilisti akaninong'oneza kutoka pembeni. "Manase, mwanangu. Unamjua." Nilimjua, ndiyo maana. Niliona wazi kwamba nikilitaja jina hilo mbele ya baba nitakuwa nimemwita mwenyewe aje. Nikasimama mpaka mzee mmoja akaanza kunipigia makofi ya huruma, na watu wakafuata. Njia nzima ya kurudi Mama Mwinjilisti hakusema nami. Baba alinishika mkono, akaniambia hata wakubwa husahau.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Mwaka wa tatu, embe zimeanza. Nilitambaa chini ya kitanda nikakata mstari wa tatu. Nilipoletewa nimshike nilisema mikono yangu michafu. Nilipoitwa mara ya pili nikasema naumwa. Alikuwa mtoto mdogo mwenye kucha ndefu, analala siku nzima, na mimi nilikuwa namwogopa kama nyoka. Nasema hivi nikiona aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwetu Upareni mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la baba wa baba. Babu yangu alifariki kabla sijazaliwa, na kwa nyumbani aliitwa kwa jina la Kipare tu, kwa hiyo jina lake la ubatizo sikuwa nimewahi kulisikia. Siku ya saba baba akamnyanyua mtoto mbele ya wageni, macho yamemjaa maji, akasema, "Karibu, Manase. Karibu, baba yangu."

Wageni wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la vikombe, na mpaka leo mama hukumbusha kwamba siku ile nilivunja vikombe sita.

Siku za kusubiri ubatizo zilikuwa mbaya kuliko za jipu. Nilipungua, nikawa sili. Lakini hofu ikizidi sana hukuletea akili fulani ya wendawazimu, na mimi ikaniletea hii: jina bado halijaandikwa kanisani. Kama mtoto hataitwa Manase, basi baba si Hezekia. Na kama baba si Hezekia, hakuna kumi na tano. Kilichotakiwa ni mtoto asionekane Jumapili hiyo, halafu nitatafuta namna ya kumshawishi baba, hata kwa kulia, amwite Yosia, mfalme wa kijani.

Asubuhi ya ubatizo mama alikuwa anaoga na baba anapiga pasi. Nilimfunga mtoto kwa kanga mgongoni, nikapita uani, nikaenda kwa Bi Tatu. Nilijua Jumapili huwa anakwenda shambani Kisarawe. Nilimkuta ameshafunga kikapu. Nikamwambia amchukue mtoto, amrudishe jioni.

Bi Tatu akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Nimchukue mtoto wa siku arobaini, nimpeleke Kisarawe kwenye jua," akasema. "Akilia nimpe muhogo?"

Sikuwa nimefikiria maziwa. Nikaanza kulia, na nikilia maneno yakatoka yote, hayana mpangilio, Hezekia na jipu na pipa na makuyu yake na baba kufa mtoto akiwa na miaka kumi na miwili. Bi Tatu hakuwa msomaji wa Biblia, yeye ni wa msikitini, na nafikiri hakuelewa hata robo. Lakini neno "kufa" alilielewa. Akamfungua mtoto mgongoni kwangu taratibu, akampakata, akatoka mlangoni, akaita, "Baba Manase, njoo na miguu yako yote miwili. Mwanao mkubwa anaumwa, na si ugonjwa wa sindano."

Baba akaja mbio anachechemea, shati nusu limepigwa pasi. Nilitegemea kofi. Alikaa chini kwenye jamvi la Bi Tatu, mguu mbovu ameunyoosha, akaniambia nianze upya na nisiruke kitu. Nikamwambia yote. Nilipofika kwenye mistari akaniambia, "Nionyeshe."

Tukarudi nyumbani, mama anatutazama na maswali mdomoni, baba akamwashiria asubiri. Akakivuta kitanda. Akachuchumaa kwa shida mbele ya mistari yangu kumi na mitano, mitatu imekatwa. Nikaogopa tena, kwa sababu ilionekana kama na yeye ameiona ile chati.

"Manase wa Mama Mwinjilisti hakuishia hapo alipokuambia," akasema hatimaye. "Kuna kitabu kingine kinaeleza mbele. Walimkamata wakamfunga pingu, wakampeleka mbali. Huko akamlilia Mungu, akarudishwa kwao, akawa mtu mwingine. Chati ya Mama Mwinjilisti ilikosa nafasi tu."

Nikamuuliza, "Na kumi na tano?"

Angeweza kunidanganya. Watu wazima wengi wangesema ni upuuzi, nenda ukanawe. Baba alipapasa mistari kwa kidole. "Mama," akasema, "mimi kazi yangu ni mipaka. Jiwe la mpaka wa kiwanja cha mtu hapandi mwenyewe, na hapandi mwanawe. Sijui langu liko wapi. Lakini kuhesabu hivi kumekukondesha, na wewe ni mtoto. Usihesabu tena. Hiyo kazi niachie mimi."

Nikamwuliza kama anaahidi. Akasema anaahidi. Akarudisha kitanda, akamalizia kupiga pasi, na saa nne mdogo wangu akabatizwa Manase mbele ya kanisa zima, Mama Mwinjilisti akiwa mbele kabisa na kitambaa kipya kichwani. Maji yalipomgusa alilia kidogo, akanyamaza. Nilimshika kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani.

Sikuhesabu tena. Ninyi mliowahi kuogopa mtajua jinsi mtoto anavyoweza kuweka mzigo chini mara tu mtu mzima akisema leta hapa. Embe zikarudi kuwa tamu. Nilimaliza shule, nikaolewa, nikazaa, na siku moja nikiwa nasuka nywele za binti yangu nikashtuka kwamba mwaka wa kumi na tano ulishapita zamani, na baba yupo anagombana na redio. Nilicheka peke yangu. Nilidhani hadithi imeishia hapo. Baba alitutoka mwaka jana. Aliyemwogesha, akamgeuza kitandani, akamlisha uji kwa kijiko miezi yake ya mwisho, ni Manase. Kijana wa kazi za zamu kule stesheni ya treni ya Soga, anatoka kazini amechoka, anaingia moja kwa moja chumbani kwa mzee.

Nilipofika nyumbani siku ile ya fundi nilimkuta Manase ameshafika, bado na sare ya kazi, amechuchumaa ukutani. Mama yuko Upareni kwa dada yake, na tulitaka akirudi akute chumba kipya.

"Umekuja kufunika au kusoma?" akanitania.

Niliinama. Mistari yangu ilikuwepo, kumi na mitano, imenyooka. Mitatu niliikata mimi kwa msumari. Ile kumi na miwili mingine nayo imekatwa, na si kwa msumari. Imekatwa kwa kalamu ya nta, nyekundu. Na chini yake, mahali ambapo mimi sikuacha kitu, kulikuwa na mistari mingine myekundu, imepangwa kwa mkono wa mtu aliyezoea kuandika kwenye mawe. Niliihesabu mara mbili. Kumi na mmoja. Nikakumbuka kila fundi aliyewahi kupaka chumba kile baba alimwambia nyuma ya kitanda aache, nani anaona huko, na mama alikuwa akimcheka kwa ubahili. Niliketi sakafuni kwenye vumbi la plasta. Miaka yote ile mimi nilikula embe, na yeye kila msimu alitambaa chini ya kitanda na mguu wake mbovu. Nilitaka kumwomba radhi na sikuwa na wa kumwomba.

Mstari wa mwisho ulikuwa umepinda, umeishia njiani. Manase akauwekea kidole.

"Huu nilimshika mimi," akasema. "Embe ndiyo zinaanza. Akaniambia nisogeze kitanda, nimpe kalamu yake. Nilijua ni homa, nikamshika kwapani ili asinune. Akachora, akasema tayari, nirudishe."

"Hukumuuliza ni nini?"

"Nilimuuliza. Akasema, 'Ni kazi ya dada yako, namshikia tu.'"

Nikamweleza, kuanzia chati, kuanzia jipu, mpaka kwa Bi Tatu na kanga. Sikuficha kwamba nilimwogopa, wala kwamba nilitaka apelekwe Kisarawe ili asipate jina. Alisikiliza ameinamisha kichwa, anachezea kifungo cha sare. Nilipomaliza nilisubiri acheke, kwa kuwa yeye hucheka kila kitu.

"Kwa hiyo baba aliyasikia hayo yote asubuhi ile," akasema, "na saa nne akaniita Manase."

"Ndiyo."

Akajifuta uso kwa mkono wa shati. Fundi, ambaye alikuwa mlangoni na ndoo yake muda wote, akakohoa, akauliza sasa aendelee au vipi. Manase akasimama, akamwambia apake kuta tatu.